Sindano ya Kila Jumatano ya Nne

Binti yangu aliumwa koo siku nne tu, na kilango kimoja cha moyo wake kinavuja hadi leo. Naandika kwa ajili ya mzazi aliyeambiwa jana au juzi neno kama hilo, akarudi nyumbani na karatasi ya hospitali asijue aanzie wapi. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, sikusomea udaktari wala unesi. Ila nimesimamia sindano 49 za penisilini za mtoto huyu, za kuzuia homa ya rumatiki isimrudie, na yapo mambo ambayo laiti mtu angeniambia wiki ile ya kwanza, ningepata usingizi.

Alikuwa na miaka 9, darasa la tatu. Homa ilipanda ghafla, akawa anameza mate kwa shida, na chini ya taya nikapapasa vinundu viwili vilivyomuuma. Hakukohoa, wala hakuwa na mafua. Nilikwenda duka la dawa nikauziwa amoksilini. Siku ya tatu mtoto yuko uani anacheza rede, basi vidonge vilivyobaki nikavitia kabatini. Wiki tatu baadaye goti la kulia likavimba, likawa la moto, hata shuka likimgusa analia. Goti likapoa, kikashika kifundo cha mguu. Kikapoa hicho, kikashika kiwiko. Kituo cha afya tulichokwenda walipima malaria hakuna, wakaandika taifodi. Mtu mwingine akaniambia mtoto anakua, mifupa inanyooka. Hakuna aliyeniuliza habari za koo, na mimi sikulitaja, kwa sababu kwangu koo lilikuwa limekwisha.

Mwaka ukapita. Mwalimu wake akaniita: mtoto anasimama katikati ya mchakamchaka, anashika kifua. Ndipo tukafika kwenye kipimo cha eko, ile ultrasaundi ya moyo, na daktari akanigeuzia skrini nione mwali wa rangi ukirudi nyuma kila moyo unapopiga.

Elewa kwanza kilichotokea, maana bila hivyo sindano utazichoka. Katika koo kulikuwa na bakteria waitwao streptokoka wa kundi A. Kinga ya mwili inapopigana nao hutengeneza silaha, na kwa watoto wengine silaha hizo haziwezi kutofautisha bakteria na mwili wenyewe, kwa kuwa vinafanana kwa sehemu. Wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, kinga inageukia viungo, ngozi, wakati mwingine ubongo, na moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki, wengine huiita homa ya baridi yabisi. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Magoti hupona yasibaki na alama. Moyo mara nyingi hubaki nayo.

Mimi nilielewa nilipofikiria kitambaa. Kilango cha mitrali, kinachoumia zaidi, kiko upande wa kushoto wa moyo. Kina mapazia mawili membamba yaliyoshikwa kwa nyuzi, yanafunguka damu ipite, yanafunga isirudi. Umewahi kupitisha pasi ya moto mno karibu na ukingo wa nailoni? Haiungui, lakini ukingo unajikunja, unakuwa mgumu, na ukilaza vipande viwili pamoja havikutani tena. Kilango kilichopata kovu kiko hivyo. Mwanzoni kinavuja. Miaka ikienda, kingo zinaweza kugandana, mlango ukawa mwembamba damu isipite vizuri. Na kila koo la aina ile likirudi, pasi inapita tena palepale. Sindano haishoni kilichokwisha kujikunja. Kazi yake ni kuizuia pasi isirudi.

Na inaizuia kweli. Kaskazini mwa Uganda walichukuliwa watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 waliokutwa na dalili za mwanzo kwenye eko huku wenyewe hawajisikii lolote. Nusu walichomwa penisilini kila wiki nne, nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka miwili, waliozidiwa katika wale waliochomwa walikuwa asilimia 0.8, na katika wasiochomwa asilimia 8.2. Matokeo hayo yalitangazwa 2021. Mume wangu alipochoka na safari za kliniki, nilimsomea namba hizo mbili, basi.

Siku 28 si mwezi

Hapa ndipo wengi tunapoteleza bila kujua. Dawa inaitwa benzathini penisilini, inachomwa kwenye msuli wa tako au paja, na inayeyuka polepole mwilini kwa wiki kadhaa. Daktari anasema "kila wiki nne". Mzazi anasikia "kila mwezi". Si kitu kimoja. Ukienda kila tarehe 5 ya mwezi, kwa mwaka mtoto anapata sindano 12. Ukihesabu siku 28, anapata 13. Sindano hiyo moja inayopungua imegawanyika katika siku mbili tatu za mwisho wa kila mwezi, wakati dawa imeshapungua kwenye damu na koo halina mlinzi.

Kwa hiyo sahau tarehe, shika siku. Sisi ni Jumatano. Siku 28 ni wiki nne kamili, kwa hiyo sindano ikianza Jumatano itaangukia Jumatano daima. Januari nachukua kalenda mpya, nahesabu kuanzia sindano ya mwisho, Jumatano ya nne, ya nne, ya nne, nazungushia kwa kalamu nyekundu mpaka Desemba. Mara ya kwanza ilinichukua dakika tano. Baadhi ya watoto madaktari huwaandikia kila siku 21, nao wahesabu Jumatano ya tatu.

Kuwahi siku chache hakuna ubaya, kuchelewa kuna ubaya. Nililijifunza hili kwa msiba. Tuliondoka usiku kwenda kuzika, tukakaa matanga, tukarudi sindano imepita siku 11. Hakuumwa, namshukuru Mungu, lakini siku zile 11 kila alipokohoa nilisimamisha cherehani nikasikiliza. Siku hizi safari ikinukia tu, nampeleka siku ya 24 au 25, halafu nahesabu 28 upya kuanzia hapo, hata kama si Jumatano tena. Na ukikuta umechelewa, mpeleke leo hiihii, usisubiri duara jekundu linalofuata.

Nina daftari la vipimo vya wateja. Kurasa za mwisho ni zake: tarehe, upande aliochomwa, jina la dawa na namba iliyo kwenye kichupa, nani alichoma, alijisikiaje. Kadi ya kliniki iliwahi kulowa mvua, daftari likatuokoa.

Jumatatu kabla ya Jumatano yake napiga simu kuuliza kama dawa ipo. Usidharau hatua hii. Benzathini ni dawa ya zamani na ya bei ndogo, na huwa inaadimika, si hapa kwetu tu. Ikikosekana kote, muulize daktari vidonge vya penisilini vya kutwa mara mbili vya kuziba pengo. Vinafaa kwa muda, ila kumeza vidonge mara mbili kila siku bila kusahau ni kazi ngumu kuliko sindano, usijidanganye.

Siku yenyewe

Sindano inauma. Usimwambie mtoto haiumi. Nilimdanganya mara moja, na mara ya pili alijifungia chooni nusu saa.

Dawa huja kama unga mweupe ndani ya kichupa. Nesi anatia maji maalumu, anatikisa, inakuwa nzito kama tui la kwanza. Uzito huo ndio unaoleta maumivu, na ndio unaoziba sindano ikiwa nyembamba mno au ikikaa muda mrefu baada ya kuchanganywa. Kwa mtoto mkubwa dozi ni yuniti milioni 1.2, kwa mdogo nusu yake, yuniti 600,000. Daktari ataangalia uzito wa mtoto.

Yapo mambo madogo yanayopunguza maumivu, na nesi mwenye nafasi huyakubali ukimwomba kwa heshima. Mimi husema, "Dada, naomba kama itakupendeza, tuishike kidogo ipate joto." Dawa ikishachanganywa, anaiviringisha katikati ya viganja mpaka ubaridi uishe. Spiriti aliyopaka kwenye ngozi iachwe ikauke kabisa, maana ikiingia na sindano inachoma. Kabla ya kuchoma, abonyeze mahali pale kwa dole gumba, kwa nguvu, ahesabu mpaka kumi. Kisha asukume dawa polepole mno, dakika mbili au tatu. Hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo gumu kulipata foleni ikiwa ndefu. Tukaanza kwenda saa nane mchana, watu wamepungua, na nesi yule wa mchana akawa rafiki yetu. Wapo madaktari wanaoruhusu dawa ichanganywe na ganzi kidogo ya lignokaini. Uliza.

Mtoto awe amelala, si amesimama. Awe amekula na amekunywa maji. Mguu wa upande unaochomwa aulegeze, vidole vya miguu avielekeze ndani, msuli unalainika. Binti yangu anahesabu vifungo vya shati langu. Tukimaliza tunakaa pale nusu saa. Hatukai kwa ajili ya kupumzika: mzio mkali wa penisilini ni nadra, lakini ukija huja haraka, na sehemu yoyote inayochoma dawa hii lazima iwe na adrenalini, dawa ya kuuzima mzio huo, karibu. Kwa sababu hiyo usikubali achomwe chumba cha nyuma cha duka. Halafu tunatembea kwa miguu hadi kituo cha daladala, kutembea kunaisambaza dawa. Jioni kitambaa cha moto na parasetamo.

Jambo moja lisikupite. Kama kilango kimeharibika sana, mtoto anahema hata akikaa, amevimba miguu au anazimia, mwambie daktari kabla ya sindano yoyote. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tahadhari kwamba wagonjwa wa namna hiyo wanaweza kuzidiwa moyo muda mfupi baada ya kuchomwa, na kwamba kwao vidonge huenda vikawa salama zaidi. Tahadhari hiyo inawahusu waliozidiwa. Mwenye kuvuja kidogo asiitumie kama sababu ya kuacha.

Itachukua muda gani? Kwa mtoto ambaye moyo wake umeguswa, tuliambiwa angalau miaka 10 tangu shambulio la mwisho, au mpaka atimize miaka 21, lile litakalochelewa. Kilango kikiwa kibaya, inaweza kuwa mpaka atimize umri wa miaka 40. Nilipoambiwa nilihesabu kichwani, nikanyamaza. Usihesabu. Hesabu Jumatano moja.

Makoo ya nyumbani

Mgonjwa wako ana mlinzi wake. Wadogo zake hawana, na bakteria hao hupita kwa mate na pumzi, hasa watoto wakilala watatu kitanda kimoja dirisha limefungwa. Sisi tulifungua dirisha, tukaweka wavu wa mbu, na mdogo wake akahamia godoro la pili.

Koo lenye mafua, kikohozi na sauti iliyokauka mara nyingi ni virusi, na antibiotiki hazifanyi kitu hapo. Koo la kuliwahi ni lile lililokuja ghafla na homa, bila kikohozi, mafindofindo mekundu pengine yenye madoa meupe ya usaha, vinundu vinavyouma chini ya taya. Mpeleke mtoto aonekane. Dawa ya mdomo ni siku 10 zote, hata akipona siku ya tatu, au sindano moja ya benzathini. Hata ukiwa umechelewa, matibabu yakianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze bado yanazuia homa ya rumatiki. Vile vidonge nilivyotia kabatini vilikuwa kazi iliyoachwa katikati. Lakini jua pia kwamba wazazi wengi hawakumbuki koo lolote. Liliuma kidogo, likapita, mtoto hata hakusema. Kwa hiyo goti likivimba likahamia jingine, au mtoto akianza kurusharusha mikono na kukunja uso bila kukusudia, na mwandiko wake ukaharibika ghafla, taja neno rumatiki wewe mwenyewe mbele ya daktari, na omba moyo usikilizwe.

Mama mkwe alipokuja kutoka Sengerema alimwangalia mtoto mdomoni akasema, "Hiki ni kimeo. Kikikatwa, kwisha." Watoto wangapi wamekatwa kimeo huku kwetu kwa koo na kikohozi! Kukata hakuwaondoi bakteria, na kunaleta damu, usaha, hata pepopunda. Lakini sikubishana naye, yeye ndiye aliyemlea mume wangu. Nilimwambia, "Mama, nimekuelewa. Naomba Jumatano twende wote, umsikie daktari kwa masikio yako." Daktari alimpa kiti, akamwekea vifaa vya kusikilizia masikioni, akasikia mvumo wa kilango cha mjukuu wake. Alitoka kimya. Kama una mzee nyumbani, mpeleke. Usimbebee maneno ya daktari, mpeleke.

Meno, homa, na mito ya kulalia

Kilango chenye kovu kina ukwaruzo, na bakteria wakiingia kwenye damu hupata mahali pa kujishikiza. Mara nyingi wanaanzia kwenye meno mabovu. Wakishajishikiza wanakula kilango kimyakimya. Mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floraidi, na daktari wa meno aambiwe habari ya moyo kabla hajashika koleo, ajue kama anahitaji antibiotiki kwanza na ipi, kwa kuwa mtoto tayari yuko kwenye penisilini.

Mtoto mwenye kilango kibovu akipata homa isiyoeleweka, usikimbilie antibiotiki za dukani. Dozi ndogo tu inaweza kuwaficha bakteria wasionekane kwenye kipimo cha kuotesha damu. Damu ichukuliwe kwanza, dawa ifuate.

Kuna kipimo kimoja nakifanya mwenyewe: mito. Binti yangu analalia mmoja. Siku akiomba wa pili ili apumue, au akikohoa akilala na kutulia akikaa, au viatu vikimbana jioni, sitangoji kliniki. Moyo kupiga ovyo, kuzimia, mdomo kwenda upande au mkono kulegea: hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu michezo, mimi nilimfungia ndani miezi miwili kabla sijauliza. Kumbe kwa kuvuja kidogo kama kwake anaruhusiwa kucheza. Uliza daktari wako, usijiamulie kwa hofu. Eko yake hurudiwa kila mwaka, na watoto walioanza mapema na kushika sindano, kilango hupata nafuu kwa baadhi yao. Kikifika pabaya, mlango uliobana unaweza kufunguliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa kutoka pajani, au kilango kikatengenezwa au kubadilishwa kwa upasuaji. Hapa nchini Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inafanya kazi hiyo. Uganda iko Taasisi ya Moyo iliyoko Mulago, Kenya iko hospitali ya Tenwek, Bomet. Anayewekewa kilango cha chuma humeza wafarini ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na hapo mchicha, kisamvu na matembele vinataka kuliwa kwa kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu vinagombana na dawa. Na msichana mwenye kilango kibovu aonane na daktari wa moyo kabla ya kubeba mimba. Mimba huongeza damu mwilini karibu nusu, na mlango uliobana hauwezi kuipitisha, na wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Wa kwangu ana miaka 14. Nimeshamwambia.

Januari ameingia kidato cha kwanza, bweni. Hii ndiyo hatari mpya: umri wa kuacha sindano ni huu, mama hayupo, na hakuna mtoto anayejipeleka mwenyewe kuchomwa. Nilikwenda kabla shule haijafunguliwa, nikakaa na matron. Nilimpa karatasi moja, pande mbili. Upande wa kwanza: jina, ugonjwa, dawa na dozi, zahanati itakayochoma, na orodha ya Jumatano zote mpaka Desemba. Upande wa pili: dalili za hatari, simu yangu, simu ya baba yake. Binti anayo nakala, ameibandika ndani ya mfuniko wa tranka, na yeye mwenyewe ndiye anayezungushia duara sasa. Chini kabisa niliongeza kwa mkono: Matron, akisema koo linamuuma, naomba umsikilize siku hiyohiyo, na unipigie hata kama ni usiku.